Wote Watatu Walimwona

Tafakari ya wiki
Somo: Luka 10:30–35

Luka anaeleza jambo moja ambalo sisi wahubiri hulipita upesi tukikimbilia wema wa Msamaria. Kuhani alimwona yule mtu aliyelala njiani. Mlawi alifika pale pale, akamwona. Msamaria naye akamwona. Hakuna aliyepita gizani, wala aliyeweza kujitetea baadaye kwamba hakujua. Macho hayana pazia. Wote watatu walikuwa wasafiri, na barabara ilikuwa ileile inayoshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Walipoachana ni pale ambapo wawili walihamia upande wa pili na mmoja akasogea, akainama, akayafunga majeraha na kuyamiminia mafuta na divai. Sidhani kama divai ile ilinunuliwa kwa ajili ya mgonjwa. Naona ilikuwa masurufu ya Msamaria mwenyewe, kinywaji chake cha njiani, na iliishia kwenye kidonda cha mtu asiyemjua.

Nimelibeba somo hili moyoni tangu Oktoba iliyopita, nilipokuwa mgeni mashariki mwa Ufaransa. Binti mmoja wa usharika wetu ni muuguzi katika mji wa Strasbourg. Alichukua likizo, akaniambia, "Baba Mchungaji, wewe ni mtu wa Dodoma. Huwezi kuondoka bila kuiona mizabibu ya huku kabla majani hayajaanguka." Basi tukashika Njia ya Divai ya Alsace, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1953, yenye urefu wa kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim upande wa kaskazini hadi Thann upande wa kusini. Ukielekea kusini, kulia kwako ni milima ya Vosges, kushoto ni bonde pana la mto Rhine, na barabara inapita katikati kwenye miteremko, ikiingia kijiji na kutoka, kanisa baada ya kanisa, huku mizabibu ikija mpaka ukingo wa lami.

Sisi wa Dodoma tumezoea kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Kule mzabibu huzaa mara moja, kisha hulala miezi yote ya baridi ukiwa gogo lisilo na jani. Uvunaji huanza Septemba, na ifikapo katikati ya Oktoba mashamba mengi yamekwisha kuchumwa. Mzabibu uliobeba mzigo tangu kiangazi unabaki na majani tu, na hapo ndipo rangi zinapotoka: manjano ya dhahabu kwa aina nyingi, wekundu mzito kwa chache, na juu zaidi, msitu wa Vosges ukiwa kahawia na kijani. Milima hiyo huzuia mawingu ya mvua yanayotoka magharibi, ndiyo maana Colmar, mji mkuu wa divai za Alsace, ni mmoja wa miji mikavu zaidi Ufaransa. Kiasi cha mvua yake kwa mwaka hakiko mbali na cha Dodoma, ila yao huenea mwaka mzima, na yetu humwagika kati ya Desemba na Aprili kisha mbingu zikafunga.

Nyumba za vijiji hivyo zilinishika kuliko nilivyotazamia. Ni fremu za mbao nzito, na katikati ya mbao kuna fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu, halafu zikapakwa chokaa ya rangi. Aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo hahitaji kuelezwa zilivyojengwa. Baadhi zimesimama tangu karne ya 16, kwa sababu kila kizazi kilikandika upya palipobomoka.

Najua wapo watakaokunja uso kuona mchungaji anaandika habari za divai. Siwalaumu. Nimezika watu walioangamizwa na pombe, na nimekaa na watoto ambao ada yao ya shule ilinywewa. Anayeacha kabisa kwa ajili ya amani ya nyumba yake anafanya jambo jema, na kanisa limheshimu. Lakini siamini kwamba Mungu ana kinyongo na mtu anayepumzika, akapanda gari na kwenda kutazama vilima vilivyogeuka rangi. Katika sharika zetu tumejenga mazoea ya kumshuku anayesafiri bila msiba, bila harusi na bila semina, kana kwamba macho tulipewa kwa ajili ya kazi tu. Uzuri ni zawadi, na asiyeipokea anamnyima Mtoaji shukrani. Ninachotaka kuuliza wiki hii ni kile ambacho uzuri wenyewe unadai kwetu tukiwa ndani yake, kwa maana niliona katika barabara ile kwamba mtu anaweza kupita kilomita 170 akiwa upande wa pili wa njia muda wote.

Karibu na Mittelbergheim tulisimama kandokando ya shamba ambalo lilikuwa bado linavunwa. Zilikuwa zabibu za mavuno ya mwisho, zile ambazo mkulima huziacha mtini kwa makusudi mpaka zinakunjamana. Kuna kuvu wa kijivu ambaye, hali ya hewa ikiwa ya ukungu asubuhi na jua mchana, hutoboa ngozi ya zabibu na kuiachia maji yatoke, sukari ikabaki. Ukiitazama kwa karibu haipendezi: tunda limesinyaa, lina rangi ya zambarau iliyochafuka, na juu yake kuna manyoya membamba ya ukungu. Mtu asiyejua angelitupa. Divai itokayo humo ni tamu na ya bei ya juu kuliko zote za mlima ule, na sheria zao zinataka zabibu hizo zichumwe kwa mkono.

Mkono niliouona ulikuwa wa mwanamke wa makamo, ameshika mkasi mfupi wa kukatia, amepiga goti moja kwenye udongo wenye unyevu kwa sababu vichala vinaning'inia chini. Alikuwa akigeuza kila kichala, anakata, anaangalia, anaondoa punje zilizooza vibaya kwa ncha ya mkasi, kisha anakilaza kwenye kreti. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu na sukari, na plasta ilikuwa imezungushwa kwenye kidole cha shahada. Alitusalimia kwa Kifaransa chenye lafudhi ya mbali. Vibarua wa msimu katika mashamba ya Ufaransa wengi hutoka nje, hasa nchi za mashariki mwa Ulaya. Msafiri mwingine alikuja, akapiga picha ya bonde akiwa amesimama karibu kabisa na yule mama, akajisogeza hatua mbili ili mama huyo asionekane kwenye picha, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka picha safi. Lakini nilikumbuka upande wa pili wa barabara ya Yeriko, na tangu hapo sikuweza kuiona safari hiyo kama matembezi tu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepanda mlima wa Mtakatifu Odile, wenye urefu wa mita 763, ambako watawa wa kike waliishi tangu karne ya saba au ya nane. Masimulizi ya Alsace yanasema Odile alizaliwa kipofu katika nyumba ya mtawala, na baba yake, Adalric, aliona aibu kiasi cha kutaka mtoto auawe. Mlezi wake alimficha. Alipobatizwa na askofu Erhard, akafumbua macho akaona. Hatimaye baba alijuta, akampa ngome iliyokuwa juu ya mlima ule, naye akaigeuza kuwa nyumba ya sala. Chini kidogo ya nyumba hiyo kuna chemchemi ambako mahujaji hunawa macho hadi leo. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kuwaomba watakatifu, nami sikufanya hivyo. Ila nilifurahi kwamba eneo lililojaa mandhari za kutazamwa limemchagua kuwa mlinzi wake msichana ambaye mwanzoni hakuona kitu. Siku ikiwa angavu, kutoka juu pale unaona uwanda wote wa Alsace na ng'ambo ya Rhine milima ya Msitu Mweusi wa Ujerumani.

Na kuona huko kunaumiza, kwa sababu uwanda huo umechezewa kama mpira na mataifa mawili. Mwaka 1871 ulitwaliwa na Ujerumani, 1918 ukarudi Ufaransa, 1940 Wajerumani wakauchukua tena, na baada ya vita ukarudi. Mtu aliyezaliwa 1870 na kuishi miaka 75 alibadilishiwa uraia mara nne bila kuhama nyumba. Kuanzia Agosti 1942 vijana wa Alsace na wa Moselle, wapatao 130,000 kwa jumla, waliingizwa kwa nguvu katika majeshi ya Ujerumani, na wengi wakapelekwa kupigana na Warusi.

Riquewihr, kijiji ambacho kila msafiri huambiwa asikikose, kilitoka vitani karibu kizima, na lango lake la mnara lililojengwa 1291 bado linasimama. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Bennwihr, ambako kanisa ni la zege na vioo vya kisasa. Mabasi ya watalii hayasimami sana Bennwihr. Sababu ya kanisa lile kuwa jipya ni kwamba kijiji kizima kilisagwasagwa katika mapigano ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, pamoja na majirani zake Mittelwihr na Sigolsheim. Colmar ilikombolewa tarehe 2 Februari 1945.

Juu ya Sigolsheim, kwenye kilima kilichozungukwa na mizabibu pande zote, kuna makaburi ya kitaifa ya askari wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa, zaidi ya 1,500. Ukiingia unaona misalaba. Ukisogea mbele unaona mawe yaliyochongwa kwa upinde juu, na majina ya Kiislamu. Nusu hivi ya waliolala pale walitoka Afrika Kaskazini: Algeria, Moroko na Tunisia, nchi ambazo wakati huo zilitawaliwa na walewale waliokuwa wakipiganiwa. Yapo pia makaburi ya Wayahudi. Tuliyasoma majina kwa sauti, mimi upande mmoja na yule binti upande mwingine, mpaka jua likateremka nyuma ya Vosges.

Kuna kundi ambalo hulikuti kwa wingi kwenye kilima kile, na sababu yake inapaswa kusemwa. Maelfu ya askari weusi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati walipanda kutoka pwani ya kusini mwa Ufaransa na jeshi hilohilo mwaka 1944. Majira yalipogeuka na kuelekea baridi, waliondolewa mstari wa mbele, na nafasi zao wakapewa vijana wa Kifaransa. Baridi ilitajwa kuwa sababu. Wanahistoria wanaeleza pia kwamba kulikuwa na haja ya kisiasa: ushindi wa mwisho uonekane una sura ya Kifaransa, na sura hiyo ilihesabiwa kuwa nyeupe. Waliokwisha kuonekana wakaombwa wasionekane.

Kijiji cha Kaysersberg kiko jirani kiasi kwamba tangu 2016 kimekuwa halmashauri moja na Sigolsheim. Hapo, tarehe 14 Januari 1875, katika nyumba ya mchungaji wa usharika mdogo wa Kiprotestanti, alizaliwa Albert Schweitzer. Familia ilihamia Gunsbach mwaka huohuo, katika bonde la nyuma ya Colmar, na huko kanisa lilitumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa zamu, kama ilivyo hata sasa katika kanisa la Hunawihr lenye ngome. Tulilipita la Hunawihr asubuhi. Madhehebu mawili chini ya paa moja kwa zaidi ya miaka 300. Natamani wazee wa kanisa wanaogombania mipaka ya viwanja wakalitembelee.

Kila mara mtoto yule wa Gunsbach alipopelekwa Colmar aliomba kwenda kutazama sanamu moja kwenye bustani ya Champ de Mars. Ilikuwa kazi ya Auguste Bartholdi, mzaliwa wa Colmar, ambaye baadaye aliichonga ile Sanamu ya Uhuru ya New York. Mwaka 1864 alikuwa amemjengea kumbukumbu admirali Bruat, mtu aliyewahi kuwa gavana wa Tahiti, na chini ya admirali akaweka watu wanne wa mawe wakiwakilisha sehemu za dunia. Mmoja alikuwa Mwafrika, mwenye mwili wa nguvu na uso ulioinama kwa huzuni na mawazo. Schweitzer aliandika katika kumbukumbu za utoto wake kwamba uso ule ulimsemesha juu ya mateso ya watu weusi.

Fikiri maelfu ya watu waliopita pale. Ilikuwa bustani ya mjini. Wazazi walikuja na watoto, wanajeshi walipiga bendi. Aliyewekwa juu ili aangaliwe ni admirali, na yule wa chini alikuwa pambo la kuonyesha jinsi admirali alivyofika mbali. Mtoto mmoja akamtazama wa chini. Sanamu zile zilivunjwa na watawala wa Kinazi mwaka 1940, na mnara uliopo leo ulijengwa upya baada ya vita, kwa hiyo uso ule hasa sikuuona.

Wengi wetu tunajua yaliyofuata. Schweitzer alikuwa mwanateolojia, mwalimu wa chuo kikuu na mpiga kinanda mashuhuri wa nyimbo za Bach. Mwaka 1904 alisoma katika jarida la misheni ya Paris kwamba Gabon inahitaji watu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30, akaanza kusoma udaktari. Wamisionari waliogopa teolojia yake, wakamkubalia kwa sharti kwamba atatibu na hatahubiri. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, kando ya mto Ogooué, pamoja na mkewe Helene Bresslau, na chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku lililosafishwa.

Sitamsifu kupita kipimo. Aliandika waziwazi kwamba Mwafrika ni ndugu yake, lakini ndugu mdogo, na udogo huo aliushikilia miaka mingi baada ya watu wa Gabon kuonyesha kwamba hawahitaji kaka wa kuwaamulia. Waandishi wa Kiafrika, Chinua Achebe akiwamo, wamemkosoa kwa hilo, na wana haki. Mtu anaweza kuwa ameinama kufunga jeraha na bado asimwone vizuri aliye mbele yake. Hata hivyo kuna jambo aliloliona mapema kuliko makanisa mengi ya Ulaya: alisema kwamba anachopewa Mwafrika si hisani, ni malipo ya deni kwa maovu aliyotendewa. Aliitazama Ulaya kama yule tajiri wa Luka 16, na Afrika kama Lazaro aliyelala mlangoni. Aliyelala mlangoni hawezi kusemwa kwamba hakuonekana.

Colmar tuliingia siku iliyofuata, na nakiri kwamba huko ndiko moyo wangu ulikokuwa ukielekea safari nzima. Katika iliyokuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko, sasa jumba la makumbusho la Unterlinden, kuna picha ya madhabahu iliyotoka Issenheim, kijiji cha kusini zaidi. Matthias Grünewald aliichora kati ya 1512 na 1516. Ni mbao kubwa zenye bawaba, zinazofunguka tabaka baada ya tabaka. Zilipofungwa, kilichoonekana ni Yesu msalabani.

Nimeona misalaba mingi maishani. Ule sijauona mahali pengine. Mwili ni mkubwa kuliko watu wote waliosimama chini yake, rangi ya ngozi inaelekea kijani, na kuanzia shingoni hadi mapajani umejaa vidonda, vingine bado vina mwiba ndani. Vidole vimetanuka na kukakamaa, kila kimoja upande wake. Miguu imevimba mpaka msumari mmoja unaonekana mfupi. Yule binti alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ile ya muuguzi anayesoma faili, "Baba, huyu mchoraji hakubuni. Hii ngozi ameiona kwa mgonjwa."

Na ndivyo. Watawa wa Mtakatifu Antoni waliokuwa Issenheim walikuwa na hospitali, na ugonjwa wao mkuu uliitwa Moto wa Mtakatifu Antoni. Nafaka ya rai, jamii ya ngano, iliyokuwa mkate wa maskini, hushikwa na kuvu katika miaka ya unyevu. Anayekula mkate huo hubanwa mishipa ya damu. Mikono na miguu huwaka kama moto, hugeuka myeusi, hukatika. Ilifika karne ya 17 ndipo uhusiano wa rai na ugonjwa ulipoanza kueleweka. Watawa hawakujua. Waliwapa wagonjwa mkate mzuri wa ngano na nyama, wakapaka marhamu ya mitishamba, wakawakata viungo vilivyokufa, na wakawanywesha divai iliyopitishwa juu ya masalia ya Antoni. Mkate ule wa ngano, bila wao kujua, ulikuwa dawa yenyewe, kwa sababu ulimwondolea mgonjwa rai.

Inaaminika kwamba wagonjwa waliletwa mbele ya picha ile walipopokelewa, kabla ya kutibiwa. Mimi nilijaribu kumweka mmoja wao pale niliposimama: mkulima wa zabibu pengine, amebebwa kutoka kwenye vilima vile tulivyopita, miguu yake inanuka hata nduguze wanageuza uso. Analazwa chini, anainua macho, anamwona Mungu mwenye ngozi yake. Katika tabaka la pili, siku za sikukuu, mbao zilifunguliwa, na Kristo huyohuyo anatoka kaburini katika mwanga mkali, ngozi laini, hana hata kovu isipokuwa alama za misumari zinazotoa nuru. Mgonjwa alipewa kuona vyote viwili. Na katika pembe ya chini ya mbao nyingine mchoraji amemweka mtu asiye na jina, tumbo limevimba, mwili umejaa majipu, kichwa amekitupa nyuma. Hakuna hadithi ya Biblia inayomhitaji. Ameingia kwenye picha kwa sababu alikuwapo hospitalini.

Yohana Mbatizaji naye yuko chini ya msalaba, ingawa kwa hesabu ya Injili alikuwa amekwisha kukatwa kichwa na Herode. Amevaa vazi jekundu, ameshika kitabu, na kidole chake kirefu kinamwelekea Msulubiwa. Watalii huzungumzia sana kidole hicho. Karibu na miguu yake kuna mwanakondoo, na damu ya mwanakondoo inatiririka ndani ya kikombe cha meza ya Bwana. Ninaposhika kikombe madhabahuni sasa, siwezi tena kukitenga na vidonda vile. Naona ni sawa kwamba havitengeki. Tumezoea kuisogelea meza kwa nguo safi na kuondoka na utulivu wa nafsi, na yule anayejikuna kwenye benchi la nyuma tumemwachia nafasi pana pande zote mbili.

Narudi kwa Luka, kwa sababu mfano haukuishia barabarani. Msamaria alimpeleka mtu yule kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza usiku mmoja, na kesho yake akaondoka. Alikuwa na safari yake, na Yesu hamlaumu. Alitoa dinari mbili. Kwa kipimo cha mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku. Siku mbili za kupiga magoti mashambani, basi, na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Kuanzia hapo divai imekwisha na jeraha bado liko. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyebadilisha vitambaa siku ya pili, ya tatu, ya nne. Hatujaambiwa jina lake, na sijui mahubiri mangapi yamewahi kumpa hata dakika moja.

Lambaréné alikuwako mtu wa namna hiyo. Aliitwa Joseph, zamani mpishi, ambaye alifika kwa Schweitzer kama mgonjwa, akabaki kuwa msaidizi na mkalimani wake wa kwanza. Alijua lugha kadhaa za bonde la Ogooué pamoja na Kifaransa, ila Kifaransa chake kilikuwa cha jikoni: alieleza maumivu ya mgonjwa kwa kutaja nyama zinavyokatwa mezani, paja la kondoo upande huu, sarara upande ule. Hakujua kusoma wala kuandika. Aliyakariri maandiko ya chupa za dawa kwa sura zake, na Schweitzer mwenyewe alishuhudia kwamba hakukosea chupa rafuni. Daktari alijengewa makumbusho, dunia ikampa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952. Hospitali ya Lambaréné inatibu mpaka leo, na wanaokesha na wagonjwa wake ni Wagabon.

Yule binti alirudi kazini zamu ya usiku siku mbili baadaye. Aliniambia kwamba wagonjwa wazee wa Strasbourg humwita "dada", na wengi hawajui ametoka wapi.

Jumatano saa kumi na moja jioni, katika ibada ya katikati ya wiki, tutawaombea wauguzi, wahudumu wa wodi na wafua mashuka wa hospitali zetu, mmoja mmoja na kwa majina. Nina orodha ya kuanzia, lakini ni fupi. Kila aliyewahi kulazwa, au kulaza mtoto au mzazi, ajitahidi kukumbuka nani alimsafisha kidonda usiku, aliandike jina hilo kwenye karatasi na kulileta. Ambaye hakulijua jina, apite wodini kabla ya Jumatano akaulize.